Kunde zilizogoma kuiva: ukwaju, ubuyu, mabungo na mambo ya uchachu

Siku ya kwanza kupika kunde za ukwaju peke yangu, nilizibandika saa tisa mchana na kufika saa mbili usiku bado ziko jikoni. Maji niliongeza mara nne. Gesi ikaisha, nikahamia kwenye mkaa. Ukizitafuna, kacha. Nikampigia bibi simu Handeni. Hakuuliza kunde nimenunua wapi wala zimekaa dukani muda gani, aliuliza jambo moja tu: "Mke mwenzangu, ukwaju umeutia saa ngapi?" Nikamwambia nimeutia mwanzoni, pamoja na chumvi, ili ladha iingie. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Habari za matunda pori siku hizi huanza na vitamini na kuishia na vitamini. Sina ugomvi na vitamini, lakini hazikunisaidia na zile kunde. Kilichonisaidia ni kuelewa uchachu: umetokana na nini, unakaa sehemu gani ya tunda, na unafanya nini ukikutana na moto, maziwa, unga au sufuria. Ukishaujua, mengi yaliyoonekana miiko ya wazee tu yanaanza kueleweka, kuanzia kwa nini tunda hili lichumwe na lile lingojwe lianguke.

Tumalize kwanza kesi ya kunde. Punje ya kunde imeshikana kwa pektini, aina ya gundi inayounganisha chembe moja na nyingine. Tunaposema kunde zimeiva, kwa sehemu kubwa tunasema gundi hiyo imelegea. Maji matupu ya moto huilegeza taratibu. Maji yenye magadi huilegeza haraka, ndiyo maana magadi hutiwa kwenye maharage makuukuu na kwenye kisamvu. Maji yenye uchachu hufanya kinyume chake, huishikilia gundi isilegee. Kwa hiyo mimi nilikuwa nachochea moto ili kunde zilainike, huku ukwaju wangu ukizikaza. Ningeweza kukesha. Viazi navyo ni hivyo hivyo, na wapishi wa urojo wanalijua hili hata kama hawaliiti kwa jina: viazi huchemshwa pembeni vikaiva, ndipo vikatumbukizwa kwenye rojo lenye ndimu, embe bichi au ukwaju.

Kuna anayedhani dawa ni kutia vyote viwili, ukwaju na magadi. Nilijaribu. Chungu kilifoka povu kama sabuni, na povu lilipotulia uchachu ulikuwa umepotea. Magadi na uchachu huuana. Unabaki na mchuzi wa rangi ya matope usio na ladha ya huku wala ya kule.

Sasa ukwaju wenyewe. Jina lake la ugenini limepotosha wengi. Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya Kihindi, na jina hilo likavuka hadi Ulaya na kuingia hata kwenye jina la kisayansi, Tamarindus indica. Lakini mkwaju ni mti wa Afrika. India ulifika zamani sana, ukazoeleka mpaka ukaonekana mwenyeji.

Matunda mengi huwa machachu yakiwa mabichi na matamu yakiiva, kwa sababu uchachu hupungua huku sukari ikiongezeka. Embe ndivyo lilivyo. Ukwaju haufuati njia hiyo. Uchachu wake mkuu ni asidi ya tatariki, ile ile iliyomo kwenye zabibu, nayo haipungui tunda linapoiva. Sukari hupanda hadi kufikia kama theluthi ya uzito wa nyama, lakini uchachu unabaki palepale. Ndiyo sababu ukwaju mbivu ni mtamu na mchachu kwa wakati mmoja, na kijiko kimoja huweza kubeba chungu kizima.

Namna ya kujua umeiva ni ganda. Ukwaju mbichi ganda lake limegandamana na nyama, ukilibonyeza ni gumu na lina unyevu. Ukiiva, nyama hunywea na kujitenga na ganda, ukilibana kwa kidole gumba linavunjika kama ganda la yai. Bibi huponda ganda moja tu chini ya mti, akisikia mlio hatazami ndani, anatandika kanga. Hauna haraka ya kuoza pia, unaweza kuning'inia mtini wiki nyingi za kiangazi. Anayekuharakisha ni fukusi. Ukiona kitundu kidogo cha duara kwenye ganda, liache. Uliochumwa humenywa, ukaanikwa, ukafinyangwa madonge na chumvi kidogo, ukakaa hadi msimu mwingine.

Jikoni, kosa la kawaida ni kuuchemsha mzima mzima na kokwa zake. Hapa inabidi nitenganishe maneno matatu ambayo tunayo kwenye Kiswahili lakini tunayachanganya: uchachu, ukakasi na uchungu. Uchachu ni asidi, unakutoa mate. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza kama umelamba kitambaa, nao unatokana na tanini, dawa ile ile ya kusindikia ngozi. Uchungu ni jambo jingine kabisa, nitaurudia. Nyama ya ukwaju ina uchachu, na ganda la kokwa lake lina ukakasi. Ukichemsha vyote pamoja unapata juisi inayokwaruza, kisha unalaumu sukari haitoshi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, vuruga kwa vidole mpaka kokwa zitoke safi, chuja. Rojo lililochujwa unaweza kulichemsha upendavyo, tatariki haiogopi moto.

Lakini sufuria inaiogopa tatariki. Ukipika ukwaju kwenye sufuria ya alumini iliyopiga weusi kwa ndani, ukimaliza utaona inang'aa kuanzia mstari wa mchuzi kwenda chini. Si kwamba imejisafisha. Ngozi yake ya juu imeliwa na uchachu na imo kwenye mchuzi wako. Chungu cha udongo au sufuria ya chuma cha pua havina tatizo hilo. Kwa pambo la shaba ndani ya nyumba, haya, usugue na makapi ya ukwaju, linatakata vizuri sana.

Na uji. Uji wa mtama au wimbi wenye ukwaju hunywewa sehemu nyingi za Kenya na Uganda, na wanaoujua hutia ukwaju mwishoni, wakati uji umeshaiva na kuwa mzito. Ukiutia mapema ukaendelea kuchemka nao, uchachu huikatakata wanga na uji huwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Halafu utaongeza unga, uji utaonja unga.

Ubuyu ni habari nyingine. Kwanza majina: mti ni mbuyu, tunda ni buyu, na ule unga mweupe ulioshikana na kokwa ndani yake ndio ubuyu. Tanzania neno ubuyu linabeba pia zile kokwa zilizokorogwa kwenye sukari na rangi. Mombasa hizo ni mabuyu. Nimeshuhudia mtu wa Mombasa akiagiza mabuyu Dodoma akaletewa gunia la mabuyu mazima, magumu kama yalivyoanguka.

Ua la mbuyu hufunguka usiku na huzuriwa na popo wala-matunda. Kisha buyu huchukua miezi kukua, na kinachofuata ndicho kinacholitofautisha na matunda karibu yote unayoyajua: hukaukia mtini. Haliwi laini, halitoi maji, halinuki. Nyama yake hupoteza maji ikiwa ndani ya ganda gumu hadi inakuwa unga na vipande kama chaki. Kwa hiyo uchachu wote na vitamini C yote imebaki humo imejikusanya. Takwimu unayoisikia, kwamba ubuyu una vitamini C mara tatu au zaidi ya chungwa, ni ya kweli ukipima uzito kwa uzito na unga ukiwa mpya. Ila unga ni mkavu na chungwa limejaa maji, na sijamwona mtu aliyekaa akala gramu mia za ubuyu. Kijiko kimoja kwenye glasi ni kizuri. Tusipige chumvi.

Kwa kuwa tunda ni kavu, usiliruhusu kulowa. Buyu linalofaa ni zito kiasi, ukilitikisa linagongagonga ndani, halina ufa. Lililopasuka likanyeshewa hugeuka hudhurungi na kunuka uvundo. Unga nao ukiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewani, unabadilika kutoka weupe wa maziwa hadi rangi ya chai. Sokoni mimi hutazama rangi kabla ya bei. Tangu Umoja wa Ulaya ulipoukubali ubuyu kuwa chakula kipya kinachoruhusiwa kuuzwa kwao mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009, umeanza kufungwa kwenye mifuko mizuri yenye picha ya mbuyu wakati wa machweo. Kipya! Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanautwanga na maji, kokwa na unga pamoja, tangu hakuna anayekumbuka lini, na ni moja ya nguzo za chakula chao pamoja na asali, mizizi, nyama na matunda madogo ya vichakani.

Tofauti na ukwaju, ubuyu usiuchemshe bila sababu. Vitamini C huharibika kwa moto. Loweka kwenye maji ya kawaida, koroga, chuja, kunywa. Una pektini nyingi pia, ndiyo maana juisi yake ni nzito bila kuongezwa kitu. Uzito huo unafaa kwenye mchuzi wa mboga za majani: ondoa chungu motoni, subiri dakika mbili tatu, ndipo utie kijiko cha unga ulioukoroga na maji. Mchuzi unashikana, na vitamini C iliyobaki inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha au majani ya kunde. Kwenye maziwa, kanuni ni ubaridi. Unga wa ubuyu ndani ya maziwa baridi hukupa kinywaji kizito kinachokaribia mtindi. Ndani ya maziwa ya moto yanakatika, maji upande na mabonge upande, na hakuna kijiko kitakachoyarudisha.

Kwa wanaotaka ubuyu wa sukari: shira ipikwe peke yake na iliki mpaka ivute uzi, ndipo kokwa ziingie, na mkono usisimame. Shira ikiwa nyepesi inaosha unga wote kutoka kwenye kokwa na unabaki na kokwa tupu zikielea kwenye uji mwekundu. Nimewahi kugawa kitu hicho kwa watoto wa jirani nikakiita "mapishi mapya". Hawakurudi.

Mabungo yanahitaji subira ya aina nyingine. Mbungo haujisimamii wenyewe, hupanda juu ya miti mingine hadi kwenye kilele, hivyo bungo zuri mara nyingi liko mahali ambapo mkono haufiki. Likianguka limeiva, la rangi ya machungwa au manjano, ni bora kuliko la kuchokolewa kwa upondo. Lisiloiva linatoa utomvu mweupe unaonata kwenye vidole, kisu na nguo, na maji hayauondoi. Paka mafuta ya kupikia mkononi kabla ya kuanza, kama unavyofanya kwa fenesi.

Utomvu huo una historia. Ndugu wa mbungo, mtoria, ambao matunda yake madogo huitwa matoria, uligemwa mpira kwa wingi karne ya 19 na mpira huo ukasafirishwa kupitia Zanzibar. Jina lake la kisayansi ni Landolphia kirkii, kutokana na John Kirk, Mskoti aliyesafiri na Livingstone kwenye Mto Zambezi kisha akawa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Huyo huyo ndiye aliyebandikwa kwenye Uapaca kirkiana, mti wa makusu, tunda linalopendwa mno kwenye misitu ya miombo. Bibi zetu walioyachuma miaka yote hawakubandikwa kwenye chochote.

Ndani ya bungo, nyama imeshikamana na kokwa kwa nyuzi nyuzi, na hapo ndipo mashine za kusagia huharibu kazi. Ukizisaga kokwa, juisi inageuka chungu. Kuna wanaobonyeza kitufe kwa sekunde moja moja ili kulegeza nyama bila kuvunja kokwa, na wakiwa waangalifu hufaulu. Mimi natumia mkono: maji kidogo, kukamua na kusugua, kuchuja, kurudia kwa maji mengine. Mkamuo wa pili ni mwepesi zaidi lakini una harufu nzuri kuliko wa kwanza, na sijui mtu aliyeonja mabungo ya namna hiyo akarudi kwenye juisi ya pakiti kwa furaha.

Ukiondoka pwani ukaingia miombo, Tabora, Songea au Rukwa, uchachu unapungua umuhimu na swali linakuwa la kuanguka. Mng'ongo huangusha matunda yakiwa bado ya kijani, nayo huivia chini mpaka yawe manjano. Anayeyapopoa mtini anajinyima. Mbula nazo hukusanywa chini, na hukaa nyumbani siku kadhaa zikizidi kulainika na kunukia. Makusu huanza kuiva wakati ghala zinakaribia kuwa tupu na mvua ndiyo kwanza inaanza, ndiyo maana watu wa huko huyazungumzia kama chakula, si kama kitafunwa. Kituo cha utafiti cha Tumbi, Tabora, pamoja na shirika la kilimo mseto la ICRAF, kilifanya kazi ya miaka mingi kujaribu kuyafanya matunda haya yapandwe mashambani. Kikwazo kimojawapo ni jinsia. Mkusu na mng'ongo ina miti dume na miti jike, na dume haizai kamwe. Mtu akiotesha mbegu kumi anaweza kulea miti kadhaa kwa miaka kumi ndipo agundue ni madume. Na anayefyeka shamba akibakiza majike tu, kwa sababu ndiyo yenye faida, siku moja atashangaa maua yanapukutika bila kufunga.

Majina ndiyo hatari kubwa kuliko nyoka. Furu, fudu au ntalali, kutegemea uko wapi, ni matunda meusi ya jamii moja ya miti ya Vitex, na haidhuru sana ukikosea moja kwa jingine, midomo itakuwa myeusi vilevile. Lakini chukua mtonga. Matonga ni matufe yenye ganda gumu, ndani nyama ya hudhurungi yenye kokwa nyingi, tamu yenye uchachu. Watoto hunyonya nyama na kutema kokwa, na kutema huko si tabia tu. Mtonga ni wa jamii ya Strychnos, ukoo ule ule wa mti wa Asia unaotoa sumu ya striknini. Kokwa zake hazitafunwi wala kusagwa, na tunda bichi haliliwi. Anayetupa matonga kwenye mashine ya kusagia kama anavyofanya kwa pasheni, huyo simkaribii na glasi yake.

Kuna pia ndulele, wengine huiita mtunguja: kichaka chenye miiba kando ya njia, matunda ya manjano yanayofanana na nyanya ndogo au ngogwe. Ni chungu na ina sumu. Hapa ndipo uchungu unapoingia. Uchachu unakuambia tunda lina asidi, ukakasi mara nyingi unakuambia subiri halijaiva, na uchungu unakuambia tema. Ila usigeuze ulimi kuwa maabara. Zipo sumu zisizo na uchungu hata kidogo, na kuona nyani au ndege akila si kibali, tumbo lake na lako hayakusoma shule moja. Kwa tunda usilolijua, nenda na mwenyeji anayelila kila mwaka, akuoneshe mti wenyewe, jani, gome na tunda bichi, siyo tunda lililoiva tu mkononi. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu vijiji viwili vyaweza kuliita tunda moja majina mawili, au matunda mawili jina moja.

Ardhi nayo ina wenyewe. Ndani ya hifadhi ya taifa huokoti kitu, hata kilichoanguka. Kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji, inayotambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kina sheria zake ndogo, basi anza kwa mtendaji au kamati ya maliasili. Mkwaju uliosimama katikati ya shamba la mtu, hata kama hakuupanda, kwa kawaida ni wake. Hodi haigharimu kitu.

Kunde zangu za sasa huenda hivi. Naziloweka usiku. Asubuhi namwaga maji, nabandika kwenye chungu kwa maji matupu, hata chumvi bado. Zikipondeka kati ya vidole viwili bila kubishana, ndipo naunga: kitunguu, nyanya kidogo, bizari, tui jepesi. Ukwaju uliochujwa, vijiko vitatu kwa nusu kilo ya kunde, unaingia mchuzi ukishatulia, na naupa dakika tano tu. Mara ya mwisho nilimpelekea bibi kwenye kikopo. Alionja, akanyamaza, akaongeza kijiko kimoja cha ukwaju.